Kipenyo Kinaingia Mara Ngapi?

Hotuba ya Siku ya Hisabati, Machi 14, iliyotolewa katika uwanja wa shule mjini Lindi mbele ya wanafunzi, wazazi na mafundi wa mtaani. Nimeiandika karibu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.

Mkuu wa Shule, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, walimu wenzangu, wazazi, mafundi mlioacha kazi zenu mkaja kutusikiliza: wazee wangu shikamooni. Vijana, hamjambo. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Masika yametuhurumia asubuhi hii, na mimi nitawahurumia ninyi. Nitanyamaza kabla mvua haijarudi.

Nimeombwa nieleze maana ya pai. Nilipoingia hapa niliwauliza kidato cha pili, wale wa mstari wa mbele, pai ni nini. Wakajibu kwa sauti moja: 22/7. Kijana mmoja wa nyuma, nadhani ni kidato cha nne, akawasahihisha kwa kiburi kidogo: ni 3.14. Wote wamenitajia namba, tena namba mbili tofauti, na hakuna aliyeona ajabu kwamba kitu kimoja kina namba mbili. Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Zote mbili ni makadirio ya jibu. Lakini jibu la swali gani?

Swali lenyewe ni hili. Una duara. Una uzi uliokatwa sawa na kipenyo chake, yaani kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati. Ukiulaza uzi huo juu ya mzingo, ukiuzungusha kufuata ukingo mpaka urudi ulikoanzia, utaingia mara ngapi? Idadi hiyo ya mara ndiyo pai. Mengine yote mnayoyasoma, kanuni za eneo, za tangi, za mpira, yametoka humo.

Sasa tupime. Mama mmoja ametuazima ungo, mwingine sufuria, jikoni wametupa ndoo, na hiki kikombe cha bati ni cha mlinzi wetu, arudishiwe kabla ya saa nne maana anakunywea chai. Vijana wawili wamepima kwa futi ya fundi cherehani. Ungo: kipenyo sentimita 45, mzingo 142. Sufuria: kipenyo 28, mzingo 88. Mdomo wa ndoo: 29.5 na 92.8. Kikombe: 8.2 na 25.7. Wenye kalkuleta gaweni mzingo kwa kipenyo. Ungo umetupa 3.16, sufuria 3.14, ndoo 3.15, kikombe 3.13. Ungo umetoka mbali kidogo kuliko wenzake kwa sababu umesukwa kwa mkono na una tumbo upande mmoja. Mwenyewe asikasirike, unapepeta vizuri tu.

Wengi huishia hapo: wanaona namba zinakaribiana, wanasema alaa, wanafunga daftari. Mimi nataka mshangae kidogo zaidi. Kwa nini kikombe cha mlinzi na ungo wa mama vikubaliane, wakati havikutengenezwa na mtu mmoja, wala kwa kitu kimoja, wala kwa ukubwa mmoja? Chukueni simu, pigeni picha ya kikombe kwa juu, kisha ikuzeni mara sita. Kipenyo kimekua mara sita. Mzingo nao umekua mara sita. Ukigawa, ile mara sita inajifuta juu na chini, na jibu linabaki lile lile. Maduara yote duniani yana umbo moja, yanatofautiana ukubwa tu. Mistatili haiko hivyo. Mlango ni mstatili na dirisha ni mstatili, lakini huwezi kukuza dirisha la mraba likawa mlango. Kwa hiyo mistatili haina namba moja inayoihusu yote. Mraba unayo: mzunguko wake ni mara 4 ya upande, daima. Pembetatu yenye pande sawa nayo: mara 3. Namba hizo hazina sherehe kwa kuwa zinatoka sawasawa. Ya duara imekataa kutoka sawasawa, na ndiyo maana tumekusanyika.

Imekataa vipi? Njooni hapa kwenye mchanga. Jana jioni vijana wamechora duara hili kwa mti, kamba na kijiti, na nikawaomba kipenyo chake kiwe sentimita 113 kamili. Mtajua muda si mrefu kwa nini 113. Kamba ya bluu ni ndefu sawa na kipenyo. Tunailaza kwenye mzingo: mara moja, mara mbili, mara tatu. Haijafika. Pamebaki kipande. Mwanangu, pima kipande hicho. Sentimita 16. Kwa hiyo kipenyo kinaingia mara 3 na kubaki kipande cha sentimita 16.

Watu wengi wangesema basi, ni tatu na kidogo. Fundi mwenye njaa ya kujua atauliza: hiki kidogo ni sehemu gani ya kipenyo? Kateni kamba nyekundu ya urefu wa kipande hicho, mwone inaingia mara ngapi kwenye ile ya bluu. Hesabuni kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Imeingia mara saba, na kwenye kamba ya bluu pamebaki kiasi cha sentimita 1. Tukikipuuza kisentimita hicho, tunasema kipande ni sehemu ya saba ya kipenyo. Basi pai ni 3 na sehemu ya saba. Ukiiandika kwa sehemu moja ni 22/7. Ndiyo hiyo mliyoimba asubuhi. Imezaliwa hapa kwenye mchanga kwa kupuuza sentimita 1.

Tusipoipuuza je? Tunaendelea na mchezo ule ule. Sentimita 1 inaingia mara ngapi kwenye kamba nyekundu ya sentimita 16? Mara 16, na macho yetu hayaoni chochote kilichobaki. Sasa kila kitu kimepimika kwa sentimita nzima: kipenyo 113, mzingo mara tatu 113 ni 339, jumlisha 16 ni 355. Tumepata 355/113. Wenye kalkuleta? 3.1415929. Pai yenyewe inaanza 3.1415926. Mchina Zu Chongzhi aliijua sehemu hii katika karne ya 5. Ukiitumia kwenye duara lenye kipenyo cha kilomita 1, utakosea mzingo kwa chini ya theluthi ya milimita.

Na bado haijaisha. Kwa darubini kali tungeona kwamba kamba nyekundu haikugawanyika mara 16 kamili. Imepungua kauzi kadogo mno. Kauzi hako nako kangekuwa na mabaki yake, na mabaki yakawa na mabaki. Kama mchezo ungefika mwisho, maana yake ingekuwepo kamba ndogo inayopima kipenyo na mzingo vyote viwili bila kubakiza kitu, na pai ingeandikika kama sehemu ya namba nzima mbili. Mwaka 1761 Johann Lambert, mwanahisabati aliyezaliwa Mulhouse, alithibitisha kwamba kamba hiyo haipo. Hakusema ni ngumu kuipata, alithibitisha haipo. Ndiyo maana tarakimu za pai hazikomi wala haziingii kwenye mzunguko wa kujirudia kama zinavyojirudia 142857 ukigawa 22 kwa 7.

Nisimame hapa kidogo, nina dukuduku na sisi walimu. Tunaandika ubaoni "pai = 22/7", na alama ile ya sawasawa inawadanganya watoto. Kisha kila swali la mtihani lina nusu kipenyo cha 7, au 14, au 21, ili saba ikatike vizuri. Nimekutana na mtoto anayeamini duara lisilo na saba ndani yake limekosewa. Mzee, ukimwambia apige hesabu ya tangi la kipenyo cha sentimita 100, anakuangalia kama umemtukana. Mimi sina ugomvi na 22/7. Ni nzuri, tena iko karibu zaidi kuliko 3.14: kwenye kipenyo cha mita 1, 22/7 inazidisha mzingo kwa milimita 1 na robo hivi, na 3.14 inapunguza kwa milimita 1.6. Kwa kazi ya mtaani, chukua yoyote. Ninachoomba ni mtoto ajue kwamba amekadiria.

Kabla ya kalkuleta watu walifanyaje? Tuanze Afrika. Kuna karatasi ya mafunjo iliyoandikwa Misri na karani aliyeitwa Ahmose, zaidi ya miaka 3500 iliyopita. Sasa imehifadhiwa London. Ndani yake kuna hesabu ya shamba la mviringo lenye kipenyo cha 9. Ahmose anasema: toa sehemu ya tisa ya kipenyo, inabaki 8, zidisha 8 kwa 8, eneo ni 64. Fanyeni kwa pai ya leo mtapata 63.6. Kwa mtu wa kugawa mashamba, kosa hilo ni la hatua chache za jembe. Hakuitaja pai popote, lakini ukiifukua kwenye kanuni yake unapata 3.16. Sawa na ungo wetu.

Aliyelibana jibu kwa hoja, badala ya kupima tu, ni Archimedes wa Syracuse, karne ya 3 kabla ya Kristo. Na hoja yake mnaweza kuiona Kilwa. Waliofika Kilwa Kisiwani wameona magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, pale juu ya genge. Kuna bwawa la kuogea lenye pande nane. Wageni wanapiga picha wanaondoka. Wewe mwanafunzi wa Lindi usiondoke; kaa ukingoni ujiulize: kama pande zote nane zingekuwa sawa kabisa, na kama ningechora duara linalopita kwenye pembe zake zote nane, duara lingekuwa refu kuliko bwawa kwa kiasi gani?

Kila upande wa bwawa umenyooka, na duara linapita kwa nje likijipinda kati ya pembe mbili zile zile. Njia iliyonyooka ni fupi. Basi pande nane zikijumlishwa lazima ziwe fupi kuliko mzingo. Ukipiga hesabu, jumla yake ni mara 3.06 ya kipenyo. Kwa hiyo pai imezidi 3.06. Sasa geuza: chora pembenane nyingine kwa nje, ambayo duara linagusa kila upande wake katikati. Hiyo ni ndefu kuliko duara, inatoa 3.31. Pai imenaswa katikati. Nafasi bado ni pana, ndiyo, lakini mbinu mnaiona: ongeza pande, ndani na nje, na mtego unabana. Archimedes alianza na pembe sita, akaenda 12, 24, 48, akafika 96. Bila kalkuleta, bila hata namna yetu ya kuandika desimali. Akatoa jibu kwamba pai ni ndogo kuliko 3 na sehemu ya saba, na ni kubwa kuliko 3 na 10/71. Sikilizeni vizuri alichokisema: alisema ni ndogo kuliko 22/7. Yeye mwenyewe hakusema ni sawasawa. Tumemzulia.

Mbinu hiyo ilidumu karibu miaka elfu mbili. Mwaka 1424, huko Samarkand, Jamshid al-Kashi aliifikisha kwenye umbo lenye pande zaidi ya milioni 800 na kupata tarakimu 16 sahihi za pai mara mbili. Hesabu hizo alizifanya kwa mkono. Lengo lake ni kwamba hata ukichora duara kubwa kama mbingu walivyoikadiria zama hizo, kosa lisifikie unene wa unywele.

Karibu na zama hizo hizo, ng'ambo ya bahari yetu, katika nchi ya Kerala huko India, pwani ambayo kaskazi na kusi vilikuwa vikiiunganisha kibiashara na Kilwa, Madhava alikuja na njia isiyo na umbo kabisa. Chukua 1. Toa sehemu ya tatu. Ongeza sehemu ya tano. Toa sehemu ya saba. Ongeza sehemu ya tisa. Endelea na namba witiri bila kukoma, kisha zidisha jumla kwa 4. Unapata pai. Hakuna duara, hakuna kamba, ni namba witiri zinazopishana kuingia na kutoka. Mkijaribu nyumbani msikate tamaa: inakwenda polepole mno, ukifika kipande cha 100 bado uko 3.13. Madhava alijua hilo na alikuwa na njia za kuiharakisha. Ulaya waliifikia hesabu hiyo katika karne ya 17. Mimi ndiyo hesabu ninayoipenda kuliko zote, na sijui niwaelezeje bila ubao kwa nini ni kweli; mkifika kidato cha sita mtaona.

Alama yenyewe, ile herufi ya Kigiriki, ni ya juzi juzi: William Jones wa Wales aliitumia mwaka 1706, na Leonhard Euler akaisambaza.

Haya, tule. Huu ni mkate wa kumimina, umeokwa leo. Msiogope, kila mtu atapata. Nimeomba ukatwe vipande 16 vyembamba kutoka katikati, na hapa mezani navipanga kwa kupishana: kimoja ncha juu, kinachofuata ncha chini, mpaka viishe. Mnaona kilichotokea? Mkate wa duara umelala karibu kama mstatili. Kimo chake ni nusu kipenyo, maana ni urefu wa kipande kutoka katikati hadi ukingo. Na urefu wake? Ule ukingo wa kahawia uliokuwa ukizunguka mkate sasa umegawanyika, nusu uko juu na nusu uko chini. Kwa hiyo urefu ni nusu ya mzingo, yaani pai mara nusu kipenyo. Zidisha urefu kwa kimo: pai, mara nusu kipenyo, mara nusu kipenyo. Ile kanuni ya eneo mnayoikariri ni mkate uliopangwa upya. Kwa vipande 16 kingo zina mabonde kidogo. Kwa vipande 1,000 msingeyaona, ila mkate ungekuwa makombo.

Angalieni nusu kipenyo inaingia mara mbili kwenye kanuni. Hapo ndipo pesa za watu zinapopotea, na sitapita haraka. Bomba la inchi 2 si bomba la inchi 1 mara mbili. Eneo la tundu lake ni mara nne. Ukitaka kujaza tangi, bomba moja la inchi 2 lina nafasi ya mabomba manne ya inchi 1. Lile bomba la gesi linalotoka Madimba kule Mtwara, likapita mkoani kwetu hadi Dar es Salaam, ni la inchi 36. Kama wangetumia ya inchi 18 wangehitaji manne yaende sambamba ili kupata nafasi ile ile, na chuma, kwa unene ule ule, kingekuwa mara mbili, kwa kuwa mzingo unafuata kipenyo na eneo linafuata kipenyo mara kipenyo. Mama anayepika mkate kwenye sinia la inchi 12 asiuze kwa bei ya mikate miwili ya inchi 6. Ni minne. Na tangi la maji lenye kipenyo cha mita 1 linabeba lita 785 kwa kila mita ya kina. Lenye kipenyo cha mita 2 linabeba lita 3,142. Mkienda dukani, pimeni kipenyo kwanza, bei baadaye.

Kuna jambo moja la mzingo ambalo watu wazima hawaliamini, na nimewahi kubishiwa nalo mpaka chai ikapoa. Tuseme tuna kamba inayoizunguka dunia nzima kwenye ikweta, imebana ardhi, kilomita 40,000. Tunaikata, tunaongeza mita 1 tu, tunaiunga tena, na tunaiinua ilingane pande zote. Itapanda juu ya ardhi kiasi gani? Watu husema: hata karatasi haipiti. Jibu ni sentimita 16. Paka anapita. Na ukifanya hivyo kwenye kikombe cha mlinzi, ukaongeza kamba mita 1, nayo itakaa sentimita 16 kutoka kwenye kikombe. Ni ile ile, kwa dunia na kwa kikombe.

Sababu haina uchawi. Mzingo ni pai mara kipenyo. Ukiongeza mzingo kwa mita 1, kipenyo kinaongezeka kwa mita 1 gawanya kwa pai, yaani kama sentimita 32, na hizo zinagawanyika nusu huku na nusu kule. Hakuna mahali popote kwenye hesabu hiyo tulipouliza duara lilikuwa na ukubwa gani mwanzoni.

Mlioshiriki UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mmelikanyaga jambo hili kwa miguu. Mbio za mita 400 wakimbiaji hawaanzii mstari mmoja. Wa njia ya nje amesogezwa mbele, na watazamaji wasiojua wanalalamika amependelewa. Kona mbili za uwanja zikiunganishwa ni duara moja. Njia ina upana wa mita 1.22. Ukihamia njia moja ya nje zaidi, kipenyo chako kimeongezeka mita 2.44, na mzingo umeongezeka pai mara 2.44, kama mita 7 na sentimita 67. Lazima urudishiwe mita hizo. Uwanja uwe Ilulu au uwe mkubwa mara mbili ya Ilulu, tofauti kati ya njia na njia ni ile ile, mradi upana wa njia ni ule ule.

Nimalizie na tarakimu, maana najua mnaposikia pai mnasubiri rekodi. Mwingereza William Shanks alitoa tarakimu 707 mwaka 1873, kazi ya miaka mingi kwa kalamu. Katika miaka ya 1940 ikagundulika kwamba kuanzia ya 528 alikosea. Mwaka 2022 kompyuta zilifika tarakimu trilioni 100, na rekodi hiyo nayo imeshavunjwa. Ni mazoezi mazuri ya kuipima kompyuta. Lakini wataalamu wa NASA wanaoelekeza vyombo kwenda sayari nyingine wanatumia tarakimu 15 baada ya nukta, zinawatosha. Kwa hiyo mtoto akikariri 50, mpigieni makofi, kisha mpeni kamba akapime kisima.

Na msidhani wakubwa hawajawahi kujaribu kuilazimisha. Mwaka 1897 Baraza la Wawakilishi la jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha muswada ambao ungeifanya pai iwe, kwa hesabu mojawapo ndani yake, 3.2. Ulipofika Seneti ukawekwa kando. Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku, kwa hiyo kwao Machi 14 ni 3/14. Sisi huku tunaandika siku kabla ya mwezi, kwa hiyo siku yetu halali ya pai ni 22/7, lakini UNESCO ilishaipitisha Machi 14 mwaka 2019, na leo mkate umeshaokwa.

Nawashukuru. Sasa maswali.

Binti mmoja wa kidato cha tatu aliuliza kama inawezekana kujenga mraba wenye eneo sawasawa na la duara, kwa rula isiyo na alama na bikari peke yake. Nikamwambia watu waliihangaikia kazi hiyo tangu zama za Wagiriki, na mwaka 1882 Mjerumani Ferdinand von Lindemann alithibitisha kwamba haiwezekani. Akauliza, "Hata ukiwa na muda mwingi?" Hata ukiwa na muda wote. Akaonekana kutoridhika, na nilifurahi.

Kisha akasimama fundi wa kuchomelea. "Mwalimu, mimi natengeneza pete za chuma za kuvisha mdomo wa mapipa. Pipa lina kipenyo cha sentimita 60, chuma changu kina unene wa milimita 6. Napiga 60 mara 22/7, nakata, nakunja. Kila nikivisha, inapungukiwa kama sentimita 2, inabidi niunge kiraka. Hesabu yako imekosea wapi?"

Nikamwambia hesabu ni nzima, kipenyo ndicho amekichukua kwa ndani. Chuma kikikunjwa, upande wa ndani unabanwa na wa nje unavutwa. Urefu aliokata unabaki kama ulivyo katikati ya unene tu. Kwa hiyo duara la kupigia hesabu ni lile linalopita katikati ya chuma: milimita 3 upande huu, milimita 3 upande ule. Kipenyo ni 60.6, si 60. Mara 22/7 ni sentimita 190.5, na yeye alikuwa anakata 188.6. Tofauti ni sentimita 1.9, kile kiraka chake.

"Na pipa likiwa dogo?"

Ni habari ile ile ya kamba ya dunia, fundi. Ukubwa wa pipa haumo. Piga mzingo wa ndani kama kawaida, kisha ongeza unene wa chuma mara pai.

"Basi chuma cha milimita 10 naongeza ngapi?"

Sikujibu. Kidato cha pili walishajibu kabla yangu: sentimita 3 na milimita 1 na kidogo. Fundi akawauliza hicho kidogo ni kiasi gani, maana yeye anakata kwa msumeno.